Pranki za wanyama wakali ofisini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeyakusanya kwa sababu kila ofisi yenye watu wa mataifa mchanganyiko hapa Arusha inauliza yale yale, na jamaa wa Nairobi na Bujumbura hivyo hivyo. Mgeni anashuka KIA Jumapili usiku, Jumatatu asubuhi yuko ofisini anatoa macho, na ikifika saa nne ya chai tayari kuna mtu kashamwambia kuna kitu kinaishi chooni. Mimi napenda utani, tena sana, ila huu wa wanyama una mambo yake maana wanyama wakali sisi tunao kweli. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, hata kama wewe ndo mtani mkuu wa ofisi na unaona hakuna wa kukufundisha.

Kwa nini wageni wanapigwa fiksi za wanyama na siyo za kitu kingine?

Kwa sababu ndo kitu walichokuja nacho kichwani. Mtu katoka Kanada au Uholanzi, miaka yote anaiona Tanzania kwenye video za Serengeti, sasa kapangiwa nyumba Njiro na bado anategemea simba getini. Sisi tunajua Njiro ni mbwa wa majirani na bodaboda, yeye hajui, na hapo ndo utani unapata nafasi.

Afu kutaniana kwetu ni kitu kikubwa. Mchaga na Mpare wanataniana, Msukuma na Mzaramo wanataniana mpaka msibani, na hakuna anayenuna kwa sababu kila mtu anajua mtani ni nani na mipaka iko wapi. Mgeni ambaye hakuna hata mmoja anayemtania ndo yule unayemkuta anakula peke yake kwenye laptopu. Ukimtania umemkaribisha ndani, ila yeye hiyo mipaka bado haijui, kwa hiyo mwenye kazi ya kuilinda ni wewe mwenyeji.

Sheria kuu ni ipi? Niambie moja tu.

Mnyama wa kubuni, ruksa. Mnyama wa kweli, hapana.

Kwa nini nashikilia hapo? Mgeni akifika hana njia ya kujua lipi kweli lipi chai, yaani uongo wa utani. Wewe ukimwambia kiboko ukimpigia makofi anakimbia, nyinyi mtacheka mpaka jioni, vizuri, sasa miezi mitatu mbele yuko kwenye hoteli Naivasha, usiku, kiboko katoka ziwani anakula majani kwenye bustani kama kawaida yake, na mgeni anatoka chumbani kufuata simu aliyoisahau. Kichwani kwake kuna sentensi moja tu kuhusu kiboko na ni ile uliyompa wewe. Kiboko ana tani moja na nusu au zaidi na mtu hamshindi mbio.

Na kinyume chake pia ni kibaya. Ukimtisha kwamba kila majani yana koboko, ataogopa wiki mbili, halafu atagundua ulikuwa unamdanganya, halafu siku unayomwambia kwa moyo wote "kaka usipite hiyo njia usiku, nyati wanashuka kunywa maji" atakupiga bega acheke aondoke zake. Kwenye kazi zetu za fildi neno la mwenyeji ndo kinga ya kwanza ya mgeni, ukilichezea hukumuachia kingine.

Sasa huyo mnyama wa kubuni anatengenezwaje?

Hapa ndo kwenye raha kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Mnyama mzuri wa kubuni ni yule ambaye mtu mzima akitulia dakika mbili anaona kabisa haiwezekani, ila hizo dakika mbili humpi. Asifanane na mnyama wa kweli wa eneo lenu, yaani usitengeneze "nyoka wa printa" kwa sababu nyoka kwenye printa anaweza kuwepo kweli. Na kinga yake iwe kitu cha kuchekesha kisichomuumiza mtu wala kumdhalilisha, usimwambie ajipake mafuta ya taa, usimwambie alale na viatu.

Kwetu tuna kidondoka. Ni kamnyama ukubwa wa paka, kana manyoya, kanakaa kwenye miparachichi na juu ya jipsam, na kanamdondokea mtu anayepita bila kusalimia. Wenye salamu hakawagusi. Kinga yake ni kusema "hodi!" kwa sauti ukipita chini ya mti au ukiingia chumba chenye dari. Basi. Anayemtambulisha ni mzee wetu dereva, siyo kijana yeyote, maana kijana atacheka. Mzee anakuwa anafuta kioo cha gari taratibu, hamuangalii mgeni usoni, anasema "mwanangu, huu mti uupite kwa adabu, mhasibu wa zamani hakusikia," afu anaendelea kufuta kioo. Hasemi zaidi ya hapo. Mgeni akiuliza mhasibu alifanywa nini mzee anatikisa kichwa tu.

Msimu wa maparachichi ndo kila kitu kinakaa sawa. Mnakunywa chai, parachichi linaachia tawi linatua kwenye bati, puu! na jikoni watu wote wanajibu "hodi!" kwa pamoja bila kunyanyua uso kwenye kikombe, mama wa jikoni akiwa wa kwanza. Mgeni anaangalia huku na huku, na yeye anasema hodi, kwa sauti ndogo. Ikifika Ijumaa anamsalimia mlinzi, anamsalimia dada wa usafi, anapiga hodi kabla hajaingia ofisi ya mtu. Kajifunza adabu ya hapa bila kukalishwa kwenye semina, na mimi kwangu hiyo ndo pranki iliyokamilika.

Tumfunulie lini?

Kabla ya wikiendi. Wikiendi ndo anatoka, anaenda Momella, anaenda Duluti, anaongea na watu wengine, sasa asitoke na uongo wenu kichwani hata kama ni mdogo. Na mfunulie nyie wenyewe, wote mkiwepo, na aliyeanzisha ndo amwambie. Asiambiwe na mtu wa nje, hiyo inauma.

Hii drop bear ya Waaustralia ni kweli au chai?

Chai. Ila ni chai iliyopikwa vizuri kuliko zote duniani na tunatakiwa tuwaheshimu kwa hilo.

Drop bear wanasema ni ndugu wa koala, mkubwa, ana meno, anakaa juu ya mti akisubiri mtu apite chini halafu anamwangukia kichwani. Wanawaambia watalii na wafanyakazi wageni kwamba anapenda watu wa nje kuliko Waaustralia, na kinga ni kupaka Vegemite, ile yao ya kupaka kwenye mkate, nyuma ya masikio, au kuweka uma kwenye nywele, au kuongea kwa lafudhi ya Kiaustralia. Koala mwenyewe wa kweli anakula majani ya mkaratusi na analala sehemu kubwa ya siku, hana habari na mtu.

Kinachoifanya ishike ni kwamba nchi nzima inashirikiana. Makumbusho ya Australia kule Sydney wana ukurasa wa huyo mnyama wenye jina la kisayansi, Thylarctos plummetus, na maelezo ya anapoishi kama vile ni mnyama kamili. Mwaka 2012 mtafiti Volker Janssen alichapisha kwenye jarida la jiografia la hukohuko makala nzima kuhusu kuwafuatilia drop bear kwa mitambo ya satelaiti, ni mzaha kuanzia mwanzo mpaka mwisho lakini imeandikwa kwa lugha ya kitaalamu kabisa. Na mwaka 2020 mwandishi wa runinga ya ITV ya Uingereza alikwenda Kangaroo Island, akavalishwa mavazi mazito ya kujikinga, glavu na miwani, akakabidhiwa koala wa kawaida akiambiwa ndo drop bear mwenyewe, mikono inamtetemeka. Video ikazunguka dunia nzima na mwenyewe akacheka.

Ona sasa walivyofanya: mnyama ni wa kubuni, kinga haina madhara, na mgeni anafunuliwa. Ndo sheria yetu ile ile.

Natumwa Darwin kwa mafunzo, wenzangu wa kule wameanza kunitisha. Nisiamini kitu?

Hapana, usifanye hivyo! Kaskazini mwa Australia mamba wa maji chumvi wapo kweli na vibao vya kukataza kuogelea ni vya kweli. Konyeza wa baharini kule wanaua kweli. Buibui wao wale wa Sydney wana sumu kweli, ingawa dawa ipo tangu 1981. Kibao chochote chenye nembo ya serikali kiheshimu. Ukiambiwa mnyama anaanguka kutoka kwenye mti na dawa yake ni kupaka chakula masikioni, hapo unacheka na wewe unawapa cha kidondoka.

Nchi nyingine nao wana vyao?

Wengi tu, na ni vizuri kuvijua maana wenzako wa ofisini watavileta. Waskoti wana haggis, chakula cha maini na mapafu ya kondoo, wanawaambia wageni ni mnyama wa milimani mwenye miguu mirefu upande mmoja ili aweze kuzunguka mlima bila kuanguka, na makumbusho ya Kelvingrove kule Glasgow yamemuweka kwenye kabati la kioo. Wamarekani wana jackalope, sungura mwenye pembe, na mji wa Douglas jimbo la Wyoming unatoa leseni ya kumuwinda inayotumika tarehe 31 Juni tu, kati ya saa sita na saa nane za usiku. Angalia kalenda yako uone Juni ina siku ngapi. Waswidi wana skvader, nusu sungura nusu ndege, kashonwa tangu 1918 na yuko makumbusho Sundsvall.

Hiyo tarehe 31 Juni ndo naipenda kupita zote. Jibu wameliacha wazi ndani ya pranki yenyewe, mgeni mwerevu anajifungua mwenyewe na anapata heshima yake. Tengeneza na wewe kitu kama hicho.

Nyoka wa plastiki kwenye droo ya mzungu, je?

Hapana. Najua ndo pranki namba moja madukani, wanauzwa bei ya soda, na bado nasema hapana.

Fikiria nani anafungua hiyo ofisi kwanza. Siyo mzungu. Ni dada wa usafi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, taa nusu haziwaki, yuko peke yake, kavuta droo afute vumbi. Yeye hayumo kwenye utani wenu, hakuulizwa, na kijijini kwao nyoka siyo kichekesho. Akikimbia akaanguka ngazi utamwambia nini? Na mlinzi akiitwa anakuja na panga.

Lingine, ofisi nyingi za huku ziko kwenye viwanja vyenye majani, mawe na panya, na penye panya nyoka anafika. Ofisi ikizoea wa plastiki, siku akiingia swila wa ukweli kuna mtu atamshika mkiani akijua ni wenu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kwa nyoka kila mwaka duniani, na tangu 2017 wameliingiza kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika ya nchi za joto. Wengi wao ni watu kama ndugu zetu, wakulima na wafugaji. Mimi hapo sina utani.

Kinyonga wa kweli? Hana sumu.

Hana sumu, kweli, wala haumi kwa maana ya kuua. Ila hapa pranki inageuka, ni mgeni anayemshika kinyonga mkononi anatabasamu na mwenyeji anayeruka dirishani. Watu wengi wa huku wamelelewa wakimuogopa, na bundi ndo usiseme, kumuwekea mtu bundi hata wa udongo mezani ni kumletea habari ya msiba. Wageni mnaosoma hapa, tafadhali, msitupime kwa hili. Mwenzako akikwambia "mtoe huyo" mtoe kwanza, maswali baadaye. Na kinyonga mwenyewe anateseka akipitishwa mikononi mwa watu kumi na wawili.

Naweza kuleta jino la simba la babu, au ngozi ya chatu, nitie uzito kwenye hadithi?

Usithubutu. Hizo ni nyara za serikali. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ukikutwa nazo bila kibali ni kesi nzito, na vifungo vya miaka 20 kwa watu waliokutwa na nyara siyo habari ngeni kwenye magazeti yetu. Hakimu hataki kujua kwamba ilikuwa pranki ya Ijumaa. Magamba ya kakakuona, pembe, kucha, gamba la kobe, vyote havigusiki. Mgeni akiondoka navyo kama zawadi akakamatwa uwanja wa ndege mmemuharibia maisha.

Kuna wanyama wengine wa kuwaacha kabisa?

Simba, kama ofisini kuna watu wa kusini. Utafiti uliochapishwa 2005 ulihesabu Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu 1990, na huko Lindi, Mtwara na Rufiji kuna familia zinamjua mtu. Sisi wa Arusha tunamuona simba kama biashara ya utalii, mwenzako wa Lindi anamkumbuka mjomba aliyekwenda kulinda shamba. Hawezi kukwambia jikoni mbele za watu, atanyamaza tu, na wewe utadhani hana ucheshi.

Mamba, kama mko Bujumbura. Yule Gustave wa Rusizi na Tanganyika amehusishwa na vifo vya watu wengi, na kila mtu wa pale ana stori yake.

Na popobawa, lile zimwi la Zanzibar, muacheni, hata kama mgeni kasoma habari zake anataka kuleta barakoa. Mwaka 1995 Pemba na Unguja watu walikuwa wanalala nje kwa hofu, na kuna mgonjwa wa akili aliuawa Unguja kwa kudhaniwa ndiye.

Mgeni atajuaje tunapoongea ukweli? Mambo mengine ya huku yanasikika kama fiksi.

Hili ndo swali zuri kuliko yote humu. Kweli kabisa, nusu ya mambo ya kweli ya nchi hii ukiyasema jikoni unaonekana muongo. Simba wa Manyara wanapanda miti. Chatu wa Tarangire nao wanapanda miti, msimu wa maji unawakuta wamejiviringa juu ya tawi. Kule Chumbe, Zanzibar, kuna kaa anayepanda miti ambaye anaweza kufika kilo nne, na anapasua nazi. Mwaka 1900 simba aliingia ndani ya behewa la treni pale Kima, Kenya, akamtoa ofisa wa polisi kwa dirishani, na behewa lenyewe liko makumbusho ya reli Nairobi.

Afu kuna kale kadudu kembamba kekundu na keusi, Nairobi flai wanakaita. Mgeni anaambiwa "usikaue kakitua shingoni, kapulize" anajua ni kidondoka kingine, anakaponda, na kesho yake au keshokutwa shingo ina malengelenge kama kaungua na pasi. Kenyewe hakaumi wala hakang'ati, sumu iko ndani ya mwili wake, inatoka ukikaponda. Mmoja wa wenzetu alitembea na skafu wiki nzima kwa sababu hakuamini, na hakuamini kwa sababu wiki hiyo hiyo alikuwa kashadanganywa vitu vingine.

Kwa hiyo kwetu tuna utaratibu. Mtu yeyote, wakati wowote, akiuliza "chai au kweli?" lazima ajibiwe ukweli hapo hapo. Hata kama pranki imebaki dakika moja iive. Hata kama mnatazamana mnataka kupasuka. Mgeni anafundishwa hilo swali siku ya kwanza, kabla ya nywila ya Wi-Fi, na akisahau kulitumia basi kaingia mkenge kihalali.

Kwenye brifingi ya usalama tunaweza kuchomekea kamoja ka kuchekesha?

Hapana. Brifingi ni brifingi. Vivyo hivyo ndani ya gari la fildi, kwenye redio, na usiku kambini.

Picha ya simba kwenye paking, imetengenezwa na AI, naituma kwenye grupu la WhatsApp la ofisi?

Usitume, haitabaki kwenye grupu la ofisi. Dakika kumi iko kwenye grupu la wazazi wa shule, saa moja iko kwa mtaa mzima, na mtu anafunga duka.

Na kwa Nairobi hata siyo ya kuchekesha kwa sababu inatokea. Hifadhi iko pembeni ya mji kabisa, na Machi 2016 simba alitoka akamjeruhi mtu Mombasa Road, mwisho wa mwezi huo huo simba mwingine, jina lake Mohawk, akapigwa risasi Isinya. Sasa wewe ukituma picha ya uongo leo, kesho ya kweli ikija nani atakimbia?

Watu wa huku wakiona simba wanaita msaada, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Mei 2022 kijiji cha Kinyana kaunti ya Meru waliona uso wa simba kwenye ua wa shamba, wakawaita KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, askari wakaja na silaha wakanyatia, wakakuta ni mfuko wa kubebea bidhaa uliochorwa kichwa cha simba, mwenye shamba kaweka miche ya parachichi humo isikauke. Dunia nzima ilicheka ila mimi nawapongeza wale wanakijiji. Walifanya sawasawa, na hakuna aliyewadanganya, walikosea wenyewe kwa nia njema. Ukitaka kumfundisha mgeni kwa kicheko mpe hii, ni ya kweli na inafundisha kwamba ukiwa na wasiwasi unaita watu.

Nani asitaniwe?

Aliyefika juzi na bado hajalala vizuri. Mjamzito. Mwenye presha au moyo. Aliyekwambia ana hofu ya kitu fulani, maana hiyo kakuamini. Na kijana wa mafunzo kwa vitendo msimtumie kama chambo, hawezi kuwakatalia. Bosi anataniwa vizuri tu, tena ikiwezekana aanze yeye, watu wanalegea.

Nilimtania, amenuna. Au amelia.

Acha kucheka, kwanza. Mwambie pole, umwambie peke yenu wawili, usimwambie "ilikuwa utani tu" maana anajua ilikuwa utani, kinachomuuma ni kwamba alionekana mjinga mbele za watu. Video ifutwe mbele yake. Halafu mpe nafasi ya kulipiza, ukweli hii inasaidia kuliko maua. Binti mmoja wa Kifini tuliyekuwa naye alinuna siku mbili, ya tatu akawaambia madereva kwamba kwao Finland ukiingia sauna bila kusalimia jiko linazima, na mzee wetu aliposafiri kwenda Helsinki alisalimia jiko. Sasa ni marafiki mpaka leo, wanatumiana salamu za Krismasi.

Mnyama wa kweli ameingia ofisini. Tunafanyaje?

Hapo utani umekwisha, mtu apige kelele neno moja tu mlilokubaliana na watu watoke. Nyoka usimpige, usimzingire, mpe njia ya kutoka na mtu mmoja amuangalie kwa mbali ajue yuko wapi. Swila akikutemea machoni osha kwa maji mengi safi, mengi sana, usipikiche, uende hospitali. Mtu akiumwa mkalishe, atulie, kiungo kisitembee, mvue pete na saa kabla hajavimba, gari liwashwe. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, na lile jiwe jeusi liacheni. Mjusi kafiri ukutani hana neno, muacheni ale mbu, na mbu ndo wa kuogopwa, malaria inaua watu kama laki sita kwa mwaka duniani na wengi ni Afrika. Mgeni analala bila neti halafu anauliza habari za simba!

Namba gani tubandike ukutani?

Ya hospitali ambayo mmeshapiga kuulizia kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, siyo mnayodhani inayo. Piga tena kila baada ya miezi michache maana inaisha. Pale Meserani, barabara ya kwenda Dodoma, kwenye bustani ya nyoka kuna zahanati inayotibu walioumwa, watu wa upande huo waijue. Kisha namba ya afisa wanyamapori wa wilaya, ya dereva wa zamu, na ya mtu mmoja ofisini ambaye hajawahi kumpiga mtu fiksi hata mara moja. Kila ofisi anaye, muulizeni kama yuko tayari.